Waje Watueleze: Wito kwa Watu wa Ifakara na Bonde Zima la Kilombero

Mpunga ukishapurwa, ukaanikwa, ukaingia kwenye magunia, watu wa bondeni hurudi nyumbani. Madungu ya mashambani huachiwa ndege, watoto hurudi darasani, na vijiji vilivyokuwa vimebaki na wazee na kuku hujaa tena. Huo ndio msimu ambao mwenyekiti akiitisha mkutano anapata watu. Naandika nikiulenga msimu huo, na ombi langu ni hili: katika mkutano mkuu ujao wa kijiji chako, au wa mtaa wako kama unakaa Ifakara mjini, pawe na ajenda ya mrejesho. Wataalamu wanaotupima, wanaotuhoji na wanaotupangia waje watueleze walichokiona kwetu. Waseme kwa Kiswahili, mbele ya watu wote, nasi tuulize mpaka turidhike.

Sina kinyongo na wasomi. Sehemu chache za Afrika zimechunguzwa kwa muda mrefu kama hapa, na faida tumeiona. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika Ifakara mwaka 1949, akapokewa na Wakapuchini wa Uswisi waliokuwa na misheni hapa, na katika miaka ya 1950 maabara yake ndogo ikaanza kazi. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kuanzia 1996 wadadisi wa taasisi walianza kupita kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, kila baada ya miezi minne, wakiuliza yaleyale: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama. Wapo waliozaliwa, wakasoma, wakaoa, na kila hatua imeandikwa kwenye kumbukumbu hizo.

Nje ya afya wapo wengine. Pale kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ifakara, ambacho wengi wetu bado tunakiita KATRIN, kuna watu wa mpunga. Kuna watu wa tembo na watu wa nyani kule Udzungwa, watu wa mito, watu wa ardhi, watu wa mikopo ya akina mama. Kila mmoja huja na dodoso lake na fomu ya ridhaa ya kutia saini au dole gumba. Unajibu, unashukuriwa, gari linageuza kuelekea Kidatu. Miaka miwili baadaye mtu wa Ulaya au Marekani anaweza kusoma habari za shamba lako kwa undani kuliko diwani wako.

Chukua mfano wa kijiji cha Idete. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi wa pale waliwatoa watoto wao washiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Mwaka 1994 matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza: kwa watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria walipungua kwa asilimia 31. Dunia ikatega sikio. Kisha majaribio yaliyofuata, Gambia na kwingineko, hayakuonyesha kinga ya maana, na chanjo ile ikawekwa kando. Watoto wale wa Idete sasa ni watu wazima, baadhi yao wana watoto wa umri uleule. Wangapi kati yao wanajua kwamba waliingia katika historia ya dawa, na kwamba jibu la “haikufaa” nalo lilikuwa jibu, lililowaelekeza wengine hadi zikapatikana chanjo zinazotumika Afrika leo? Mtu aliyetoa damu ya mwanawe ana haki ya kuambiwa habari hiyo hata kama haina shangwe.

Nikitafuta mahali ambapo mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa kwenda, sihitaji kutoka bondeni. Kati ya mwaka 1996 na 2000 Kilombero na Ulanga zilikuwa na mradi wa vyandarua ulioitwa KINET. Wakati ule chandarua kilikuwa kitu cha mwenye nacho, na kwa wengi kilikuwa cha kuzuia usumbufu wa mbu, si cha kuokoa uhai wa mtoto. Kabla ya kuanza kuuza, wahusika walikaa na watu wakauliza. Wakaelewa jambo ambalo daktari wa hospitali angeweza kulipita tu: homa ya kawaida watu waliihusisha na mbu, ila degedege wengi waliliona ni jambo jingine kabisa, la kupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi. Ukimwambia mama wa namna hiyo kuwa chandarua kinazuia malaria, hujamgusa mahali anapoogopa. Ujumbe ukatengenezwa upya kufuata maneno ya watu wenyewe. Chandarua kikaitwa Zuia Mbu, kikauzwa na wenye maduka, na viongozi wa vijiji, na wahudumu wa afya. Wajawazito na wenye watoto wadogo wakapewa hati punguzo kliniki ili bei isiwashinde.

Matokeo yalitoka mwaka 2001. Kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Hapo ndipo mambo ya bondeni yakawa ya taifa: mwaka 2004 hati punguzo ikaanza kusambazwa nchi nzima. Mama wa Kigoma au Singida aliyekabidhiwa karatasi ile kliniki alikuwa anafaidi jambo lililojaribiwa na mama wa kwetu. Sijui kwa nini hatujivunii hili zaidi. Tunajivunia mchele, na mchele unastahili, lakini hili nalo lingefaa kufundishwa kwenye shule zetu za msingi.

Naukumbushia mradi ule kwa sababu ya mpangilio wake. Watu waliulizwa mwanzo, wakashirikishwa katikati, wakaona faida mwisho. Tafiti nyingi zina ule mwanzo tu.

Mbu naye habaki alivyo. Mbu walioongoza kueneza malaria hapa wakati wa KINET siyo wanaoongoza sasa. Kwa miaka ya karibuni watafiti wa Ifakara wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya maambukizi bondeni inaletwa na aina moja, Anopheles funestus, ambaye amekuwa sugu kwa dawa iliyozoeleka kwenye vyandarua. Hiyo ni habari mbaya. Lakini ndani yake kuna habari ambayo mwanakijiji anaweza kuifanyia kazi hata kesho: mbu huyu hapendi vidimbwi vya mvua vinavyokauka baada ya wiki. Anapenda maji ya kudumu, yenye majani, ya pembeni mwa mto, ya visima vilivyochimbwa na kuachwa, ya mabwawa yanayovuka kiangazi. Mazalia yake wakati wa kiangazi ni machache, na yanajulikana yalipo. Anayejua bwawa gani halikauki mwezi wa Oktoba ni mchunga ng'ombe, mvuvi wa kambale na msichana anayeteka maji. Kitongoji kimoja kinaweza kuchora ramani ya mazalia hayo kwa mchana mmoja, kwenye manila, na mtaalamu akasema lipi lifukiwe, lipi liwekwe dawa, lipi liachwe kwa sababu watu na mifugo wanalitegemea. Ramani hiyo inahitaji watu wa aina mbili wakae benchi moja.

Halafu kuna suala la dungu, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo afya, elimu na umaskini vinapokutana chini ya paa moja la nyasi. Mpunga wa bondeni unalimwa mbugani, mara nyingi mbali sana na kijiji. Familia huhamia huko kwa miezi. Watafiti waliowafuata hadi mashambani katika miaka ya 2000 waliliandika jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua: kule mtoto akichemka usiku, zahanati iko ng'ambo ya maji, na anayekwenda kutafuta dawa anaacha shamba kwa ndege. Kwelea kwelea hawasubiri mtu arudi kutoka kliniki. Kwa hiyo anayeamia ndege huwa mtoto, na mtoto huyo ana jina kwenye daftari la mahudhurio la shule fulani, limejaa alama za kutokuwepo.

Mwalimu analalamika kwamba wazazi hawathamini elimu. Mganga mfawidhi analalamika kuwa wazazi wanachelewesha wagonjwa. Bwana shamba analalamika kuwa wakulima hawafuati kalenda. Wote watatu wanazungumzia familia ileile, msimu uleule, na hawajawahi kukaa pamoja wakaliangalia kama jambo moja. Mkutano wa kijiji ndio mahali pekee ambapo wanaweza kukaa. Huenda jibu likawa kijana mmoja aliyefunzwa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayehamia mbugani na watu akiwa na vipimo na dawa. Huenda likawa zamu za kuamia zilizopangwa na majirani ili kila mtoto apate siku zake za shule. Sina jibu mfukoni. Nina uhakika tu kuwa halitapatikana Dodoma.

Sasa tuje kwenye pesa. Bondeni pesa maana yake mpunga, ingawa ndugu zetu wa upande wa Kidatu na Ruembe watasema maana yake ni miwa, nao wana lao la kuzungumza na kiwanda cha sukari. Mkulima wa mpunga anahitaji fedha mvua zinapokaribia: trekta au pawatila, mbegu, kupanda, palizi. Mfukoni hana kitu, kwa sababu mavuno ya mwaka jana yameisha. Hapo ndipo anaingia kwenye mikopo ile tuliyoipa jina la kausha damu, au anauza mpunga ukiwa bado uko jarubani kwa bei anayoipanga mnunuzi. Mavuno yakifika, kila mtu anauza kwa wakati mmoja, bei imelala, na gunia linashindiliwa mpaka linaota kichwa. Lumbesa imepigwa marufuku miaka mingi sasa, lakini ukipita vijijini mwezi wa Julai utadhani tangazo halikuvuka daraja. Ikifika Januari, nyumba iliyouza magunia ishirini inanunua mchele dukani kwa kilo.

Wataalamu wa uchumi hutuambia tuhifadhi ghalani tusubiri bei ipande. Ni ushauri sahihi kwenye karatasi. Swali la kumuuliza yule anayetoa ushauri huo, kwa heshima zote, ni hili: mtu mwenye deni la palizi linaloiva kila wiki anasubirije? Akiweza kulijibu swali hilo, kwa mfano kwa ghala linalotoa stakabadhi ambayo mkulima anaweza kukopea kwa riba ya kibinadamu, basi tumekaribia. Akishindwa, naye arudi akafikirie upya, kama sisi tunavyorudi kufikiria kila siku.

Kuna fedha nyingine ambazo ni zetu kabisa na tunaziacha zipite. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili usafishwe, ukarudishwa mwaka 2024. Je, kikundi gani cha kijiji chako kimepata? Kwa vigezo gani? Ofisa maendeleo ya jamii ni mtaalamu pia, na yeye ndiye mwenye majibu hayo. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na anayetaka kuelewa kwa nini kikundi chake kilikataliwa aelezwe bila kufokewa.

Upande wa mbegu na ukulima, mazungumzo kati ya mtaalamu na mkulima yangekuwa matamu kama yangefanyika. Saro 5, inayofahamika kitaalamu kama TXD 306, inazaa kuliko Supa. Hilo mkulima halibishi. Lakini Supa ina harufu ambayo mnunuzi wa Dar es Salaam anaifuata kwa pua, na ni mbegu ambayo mkulima anaweza kuichagua mwenyewe shambani kwake mwaka hadi mwaka. Mkulima anayepanda zote mbili, moja ya kuuza kwa wingi na moja ya kuuza kwa jina, anafanya hesabu ambayo kipeperushi hakina. Vivyo hivyo kilimo shadidi: miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, maji yakiingizwa na kutolewa kwa kipimo. Mavuno yake yanajulikana. Ila maji ya mbugani hayana koki. Mto ukiamua kupanda unapanda, na mche mchanga wa siku chache unazama. Ninachotaka kusikia kutoka kwa wataalamu wetu wa TARI ni shadidi ya mtu asiye na mfereji.

Na kuna shamba kubwa la Mngeta, zaidi ya hekta 5,000. Lilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea Kaskazini, likalala, likachukuliwa na mwekezaji mwaka 2008, na miaka michache baadaye likawa mfano wa kuonyeshwa kila mgeni wa mpango wa kilimo wa SAGCOT uliozinduliwa mwaka 2010. Wakulima wadogo wa jirani walifundishwa kilimo shadidi huko. Kisha kampuni ikashindwa kubeba madeni yake. Nani amekaa na watu wa Mngeta akawauliza kilichobaki ni nini: ujuzi, ajira, migogoro ya mipaka, au vyote? Watakuja wawekezaji wengine, na kijiji kinachofuata kingefaidika sana na ushuhuda wa wale walioishi nao.

Hapo nimefika kwenye ardhi, na ardhi ndiyo inayofanya watu wa bondeni waache kusalimiana. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya bonde, karibu hekta 800,000, iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya ardhioevu za Ramsar. Sababu zake ni nzito. Hapa ndipo swala aina ya sheshe walikuwa wakiishi kwa wingi kuliko popote duniani. Hapa pia ndipo Mto Rufiji unapopata karibu asilimia 62 ya maji yake, na maji hayo sasa yanazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Taa ikiwaka Mwanza, bonde letu limo ndani yake. Lakini mkulima wa Malinyi ambaye jaruba lake limejikuta upande usio wake wa kigingi cha Pori la Akiba hawezi kula megawati, na ni halali kwake kuuliza kigingi kimewekwa kwa ramani ipi, na ramani ilipitishwa na kikao gani.

Wafugaji nao wana kisa chao. Mwaka 2006 waliondolewa Usangu na Ihefu. Wengi wakateremka huku na mifugo yao. Mwishoni mwa 2012 wakaondolewa tena, safari hii Kilombero, kwa operesheni. Ng'ombe wengi bondeni ni hatari kwa mbuga na kwa mpunga, hilo sipingi. Ila operesheni haijawahi kumwambia mfugaji aende wapi ambako hatamkuta mkulima mwingine, na ndiyo maana ugomvi huhama badala ya kuisha. Msukuma, Mmaasai na Mbarabaig waliopokewa kihalali kijijini ni wanakijiji. Wana kiti mkutanoni sawa na Mndamba, Mpogoro, Mbena na Mbunga. Tusipowaita, tutakuwa tunajadili njia za mifugo bila mwenye mifugo.

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 inaweka mpango wa kijiji mikononi mwa kijiji. Kuanzia 2016 Kilombero, Ulanga na Malinyi zilipitiwa na mpango maalumu wa upimaji, na watu wengi wakapata hati za hakimiliki za kimila. Kama kijiji chako kilipimwa, ramani ipo. Ombeni itundikwe ukutani, si kufungiwa kabatini. Na wewe baba uliyeandikisha shamba kwa jina lako peke yako wakati mama ndiye aliyepanda kila mche: hati inaruhusu majina mawili. Kalirekebishe ukiwa hai.

Kuhusu maji na kuni nitakuwa mfupi. Masika ya 2024 yalitufundisha Mto Lumemo ni nani ukifurika. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na tumezizoea hizo mita 60 kama neno la kufukuziwa watu. Mtaalamu wa bonde la mto angesimama pale Ifakara akaonyesha kwa kidole maji yalikotokea, kwa nini yamechagua njia ile, na nini kilimwe huko juu au kisilimwe, naamini watu wangeondoka na kitu zaidi ya amri. Vilevile kuni: tangu 2011, ilipokatazwa kuokota kuni ndani ya Hifadhi ya Udzungwa, akina mama wa Mang'ula na Sanje wamekuwa wakitafuta pa kuzipata. Serikali ina lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kati ya kuni iliyokatazwa na gesi isiyonunulika kuna pumba za mpunga zinazorundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Hapo nani atuambie?

Kwa hiyo narudia ombi kwa kila mmoja.

Ninyi wataalamu, wa taasisi na wa halmashauri, wa hapa na wa Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA): mnapoomba kibali cha utafiti mnaandika kwamba matokeo yatarudishwa kwa jamii. Kurudisha matokeo kwenye semina ya hotelini, kwa watu thelathini wenye posho, hakutoshi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu; basi mna nafasi nne kwa mwaka. Njooni na karatasi moja, Kiswahili chepesi, iliyo na mlichouliza, mlichokuta, msichokuwa na uhakika nacho, na nani anatakiwa kufanya nini. Iacheni ubaoni. Msiogope kuulizwa. Watu wetu wanajua kutofautisha mtu asiyejua na mtu anayeficha.

Vijana mnaosoma chuo cha Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, na watoto wa bondeni mlioko Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo: makala zilizoandikwa kuhusu vijiji vyenu nyingi zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Chagua moja inayohusu kijiji chenu. Itafsiri kurasa zake muhimu, mtumie mwalimu mkuu, mtumie katibu wa kikundi cha WhatsApp cha ukoo wenu. Mtu mmoja, makala moja. Redio zetu za hapa zina vipindi vya jioni vinavyotafuta cha kuzungumza, wapelekeeni.

Viongozi mliochaguliwa Novemba 2024: mna miaka mitano, na sehemu yake imeshapita. Msiitishe mkutano siku ya gulio, wala saa ambazo akina mama wako jikoni halafu mkaandika kuwa wanawake hawakujitokeza. Sheria inataka angalau robo ya halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Huo ni mwanzo wa hesabu, na mnaruhusiwa kuzidisha. Mpeni nafasi ya kwanza ya kuuliza mtu ambaye hajawahi kuuliza.

Na wewe msomaji wa kawaida, mwenye jaruba, mashine, bodaboda au genge la nyanya: nenda. Najua mkutano mwingine unaahirishwa kwa kukosa akidi, mwingine unaisha kwa kelele za michango. Nenda hivyo hivyo, na jirani yako. Barua haihitaji mwanasheria. Mwandikieni mtendaji wiki mbili kabla, mtaje mtaalamu mnayemtaka na jambo mnalotaka alieleze, majirani kadhaa watie saini, nakala kwa diwani. Akija, mpeni kiti na maji ya kunywa, msikilizeni mpaka amalize, kisha ulizeni. Asipokuja, muhtasari wa mkutano uandike kwamba aliitwa, tarehe gani na kwa jambo gani, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma sehemu hiyo.